Sembuse Wewe

Kabla watu hawajaanza kumwita Fundi Sembuse, alikuwa fundi tu, mwanamke mwembamba mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ufundi aliupata kwa mzee mmoja mshona suti, ambaye duka lake lilikuwa na zulia mlangoni na kioo kirefu ukutani. Mzee yule alikuwa na tabia ya kumpima mtu kwa macho kabla hajalikanyaga zulia. Akiona viatu vimechakaa, au tumbo limetangulia, au bega moja limelala, alisema bila kuinua kichwa, "Zako ziko sokoni, zimekwisha shonwa." Mtu akageuka na kwenda zake.

Fundi aliyaona hayo miaka yote ya kujifunza kazi, nayo yakamkaa kama mwiba. Si kwamba alikuwa na huruma nyingi. Alichochukia ni kazi mbaya. Kila alipopita barabarani aliona makoti yamening'inia mabegani mwa watu kama yameanikwa, suruali zinabana mapaja na kupwaya kiunoni, magauni yamepanda nyuma yakashuka mbele, akaumia kama mpishi anayewatazama watu wakila chakula kibichi na kushukuru.

"Mwili haukosei," alikuwa akisema. "Anayekosea ni mwenye mkasi."

Nguo yake ya kwanza ya haki hakumshonea mteja. Alimshonea mdogo wake wa kike.

Mdogo wake huyo alikuwa na kibiongo. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimshika utotoni ukamwachia nundu upande wa kushoto, na bega lililopanda likakaribia kugusa sikio. Mama yao alimkuza ndani ya mashali na nguo pana, nguo za kuficha. Nyumbani alikuwa mcheshi, mwenye maneno ya chini kwa chini yanayochoma baada ya kupita. Barabarani alitembea akiambaa ukuta, kama mtu anayekwepa mvua.

Fundi alikusanya mabaki ya kitambaa cha sufu pale dukani kwa mzee. Akakata upande wa kushoto kivyake na wa kulia kivyake, kana kwamba anashona koti la watu wawili. Akashona, akafumua, akashona tena. Siku alipomvalisha, alimsimamisha mbele ya kabati la mama yao lenye kioo. Mdogo mtu akajitazama. Mabega yalikuwa sawa. Mgongo ulishuka kwa mstari mmoja mpaka kwenye nyonga, kama mgongo wa mtu yeyote.

"Dada," akasema mwishowe, "kumbe nina kiuno!"

Walicheka mpaka mama yao akaja kuuliza kuna nini, naye alipoona akakaa kitandani akalia. Fundi aliikumbuka siku hiyo maisha yake yote kuwa siku aliyofanya jambo jema kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwambia kitu baadaye.

Alipoachana na mzee akapanga chumba kati ya bucha na fundi viatu. Nia yake ilikuwa moja: mpagazi, mfagiaji, muuza mboga, kila mmoja awe na nguo iliyokatwa kwa ajili yake. Akabuni njia zake. Alichonga vipande vya karatasi ngumu vya miili ya kila namna, wenye matumbo, wenye vifua bapa kama bati, wafupi wa shingo, akawa anaanza na kipande kinachokaribiana na mtu kisha anakirekebisha. Alikata makoti mengi kwa mkupuo mmoja. Vifungo na pindo aliwaachia wateja wenyewe wamalizie nyumbani, baada ya mdogo wake kuwafundisha. Kwa njia hiyo nguo ikawa rahisi, mtu akaimudu.

Lakini watu hawakuja. Walifika mlangoni, wakachungulia, wakaona aibu. Siku moja akasimama pale mama mmoja muuza vitunguu, mnene, anahema.

"Karibu ndani, mama," Fundi akamwambia.

"Nimepita tu, mwanangu. Mimi si mtu wa kushonewa. Mwili huu hata ukitaka kuupima hujui uanzie wapi."

Akaanza kuondoka. Fundi akamwona mteja anamponyoka, akageukia kona aliyokaa mdogo wake akitia matundu ya vifungo.

"Hebu njoo. Vua koti. Geuka."

Mdogo mtu alidhani kuna mshono umeachia. Akavua, akabaki na blauzi nyepesi. Fundi akaweka kiganja juu ya nundu, kama mtu anavyoweka mkono juu ya meza.

"Unaiona hii, mama? Haya, vaa." Akamvalisha koti, akamgeuza mbele na nyuma. "Imekwenda wapi? Nikimvalisha huyu, sembuse wewe?"

Muuza vitunguu akatazama, kisha akaweka kapu lake chini. "Nipime," akasema.

Jioni walipokuwa wakifagia vipande vya vitambaa, mdogo mtu akasema, "Leo nimekuwa sanamu la dukani."

"Sanamu haliwezi kutembea," Fundi akamjibu. "Wewe umeniletea mteja."

Ikawa ndiyo kazi. Mteja akisita, "Hebu njoo." Akisita mwingine, "Vua. Geuka." Mteja akiwa mgumu zaidi, alimwambia apapase mwenyewe, ili ajue hakuna udanganyifu. Watu wakapapasa. Wengine waliomba radhi kwanza. Wengi hawakuomba. Na kweli wakashonewa, wakatoka wamesimama wima, dereva na mfua nguo na mlinzi wa geti. Mtaa ukabadilika sura. Mtu aliyezoea kusukumwa kwenye foleni za ofisini akaanza kuitwa bwana. Fundi akimwona mmoja wa watu wake akipita alisimamisha cherehani amtazame mpaka apotee, macho yakimng'aa.

Duka lilipochangamka akamwita mchoraji wa vibao. Mchoraji akachora mgongo wa mdogo mtu kwa rangi nyeusi, nundu na bega na kila kitu, na chini yake akaandika: TUNAMVALISHA HUYU, SEMBUSE WEWE. Watoto wa mtaa wakayageuza maneno hayo kuwa wimbo. Walimfuata mdogo mtu mpaka kisimani wakiuimba wimbo huo.

"Dada," akasema siku moja, "siku hizi watu wananijua mgongo kabla hawajanijua uso."

"Wewe hujui ni watu wangapi wanavaa kama watu kwa mgongo wako?"

"Najua. Kwa mgongo wangu." Akakata uzi kwa meno. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kama nguo yenyewe imeshonwa vizuri."

Fundi akaangua kicheko. Alilipenda neno lile kiasi kwamba alianza kuwasimulia wateja, tena mdogo wake akiwa papo hapo, mgongo wazi.

Kisha ikaja kazi kubwa kuliko zote. Bwana mmoja aliyekuwa na kampuni ya usafi alitaka sare za wafanyakazi wake wote, wafagia barabara na wasugua sakafu. Akasema Fundi aje kwenye ukumbi wao, aonyeshe kazi yake mbele ya watu, waamue. Asubuhi ya siku hiyo, wakifunga makoti ya mfano kwenye shuka, mdogo mtu akashika mkono wa dada yake.

"Leo usiniambie nivue. Pale kuna mamia ya watu. Nitavaa, nitatembea, waone lilivyokaa. Lakini usinivue."

"Sawa."

"Niambie hasa."

"Nimekwambia sawa, mdogo wangu. Nimekuelewa."

Na alikuwa amemwelewa, hilo lazima lisemwe. Waliingia ukumbini, wafanyakazi wamejaa kwenye viti na madirishani, bwana mwenye kampuni amekaa mbele amekunja mikono. Fundi akaonyesha makoti, akaeleza. Bwana akapiga mwayo.

"Mama, nimeona. Ila hawa wangu ni miili ya ajabu ajabu. Kuna waliovunjika, kuna waliopinda. Mimi nitanunua zile pana zilizokwisha shonwa, kila mtu atajaa humo."

Fundi akalisikia neno lile, *zilizokwisha shonwa*, na damu ikampanda kichwani. Akageuka.

"Mdogo wangu. Panda mezani."

Mdogo mtu akamtazama. Ukumbi mzima ukawatazama. Kisha mdogo mtu akavuta kiti, akakanyaga, akapanda.

"Vua koti."

Akavua. Kicheko kilianzia nyuma, kidogo, cha mtu mmoja aliyejaribu kukizuia. Halafu mwingine akataja maneno ya kibao, na ukumbi ukalipuka. Watu waliochekwa kila siku na wapita njia, wenye mifagio yao, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mdogo mtu akasubiri kicheko kipungue. Akageuka taratibu, akawapa mgongo, akageuka tena.

"Mmeona?" akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Ambaye hajaona asogee mbele. Dada yangu hapendi mtu atoke na wasiwasi."

Akashuka. Koti akaliacha juu ya meza. Akapita katikati ya viti na blauzi yake, na wale waliokuwa njiani wakavuta miguu yao ampishe.

Fundi alipiga hatua moja kumfuata. Moja tu. Bwana mwenye kampuni alikuwa amekwisha kulichukua koti, amelipindua ndani nje, anapitisha kidole kwenye bitana, pale pande mbili zisizofanana zilipokutana bila mkunjo hata mmoja.

"Hii ni kazi," akasema. "Hii ni kazi kweli. Unaweza kuanza kupima leo?"

Fundi akautazama mlango. Akatoa utepe wa kupimia shingoni.

"Wapangeni mstari," akasema.

Alipofika nyumbani jioni, mdogo wake alikuwa amekwisha hama. Mama yao alikuwa mlangoni, hakumpisha apite.

"Umewavisha watu baki," alimwambia, "ukamvua wa tumbo moja."

"Mama, wafagiaji wote wale watavaa nguo za haki. Wote!"

"Vizuri. Kale nao."

Mdogo mtu alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi, upande wa pili wa mji. Fundi akamshonea koti jipya, zuri kuliko la kwanza, akampa mtu ampelekee. Halikurudi. Baadaye akasikia limekatwa vipande vya kufutia pasi. Hata lingeuzwa, lisingemfaa mtu mwingine yeyote. Akaenda mwenyewe. Akamkuta mdogo wake ndani ya koti kuukuu la kiume, limemmeza mpaka magotini, mikono imekunjwa mara tatu.

"Unajiaibisha na gunia hilo," Fundi akasema. Hakuwa amepanga kuanza hivyo.

"Hili halinijui," mdogo wake akajibu. "Ndiyo maana nalipenda. Una nguo za kupigwa pasi? Kama huna, nyuma yako kuna watu."

Fundi akaondoka. Haikupita muda akamwajiri mwanamume mmoja mwenye nyonga iliyopinda, anayesimama mbele ya wateja kwa ujira, anavua, anavaa, anatania. Hana kinyongo. Kila mtu alisema afadhali huyu, anachekesha. Fundi mwenyewe hakumpenda hata siku moja, wala hakuweza kusema kwa nini.

Walikutana tena mama yao alipofariki. Nyumba ilijaa ndugu, wengi wao wamevaa kazi ya Fundi, wamependeza hata msibani. Mdogo mtu alisimama jikoni akimimina chai, amevaa lile gunia lake, kola imejikunja ndani upande wa bega la juu. Fundi alisimama kando yake na sinia. Mkono wa Fundi, bila yeye kuutuma, ukanyanyuka kwenda kuiweka sawa ile kola.

Mdogo wake akaudaka kabla haujafika. Hakuubana, hakuutupa. Akaushusha mpaka kwenye ukingo wa sinia, akaukunja vidole ushike vizuri.

"Wageni wanasubiri, dada," akasema, akaweka kikombe kingine.