Tofi kwa Pua ya Kuazima

Katika dobi kubwa alikofanya kazi, pale palipofuliwa mashuka ya hoteli na mashati ya watu wa maofisini, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya meza ileile ya kupigia pasi, na muda wote huo, nguo ilipotaka kuungua, yeye ndiye aliyejua kwanza, hata kama pasi ilikuwa mkononi mwa mwingine kule upande wa pili wa chumba. "Nani anachoma pamba huko?" angeuliza bila kuinua kichwa, na mtu angenyanyua pasi haraka huku akiona haya. Wenzake walimtania kwamba siku akistaafu, tajiri wao itabidi anunue kengele ya moto.

Nyumbani, pua hiyohiyo ndiyo iliyopika tofi. Sikukuu ilipokaribia alijifungia jikoni na sufuria yake nzito, maziwa, sukari, siagi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na karanga zilizokaangwa na kumenywa zikisubiri pembeni. Hakuwa na kipimo wala saa ya ukutani. Tofi, alisema, huiva mara moja tu. Inaanza na harufu ya maziwa, inaingia ya sukari, halafu kinakuja kitambo kifupi mno, cha mtu kuvuta pumzi, ambapo inanukia kuliko ilivyowahi kunukia. Ukipitiwa hapo, hainukii tena, inanuka. Kazi yote ya mpishi iko kati ya maneno hayo mawili.

Ukoo mzima ulizijua tofi hizo. Trei nne zilikwisha kabla wageni hawajaaga. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali kiasi cha safari ya kutwa kwa basi, alizibeba kwenye mfuko wa mkoba na kuzila moja moja njiani. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alizila kuliko wote na kuzikosoa kuliko wote. Huyo hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Miaka thelathini alikuwa akizisifu kwa mtindo mmoja: "Nzuri, ila." Mwaka mmoja ilikuwa ila karanga chache, mwaka mwingine ila umezikata kubwa kama matofali, wifi, unataka tung'oke meno?

Mwaka huo, majira ya baridi, Pua alishikwa na mafua yaliyomlaza wiki tatu. Homa ikatoka, kikohozi kikatoka, nguvu zikarudi kidogo kidogo. Siku ya kwanza aliyoweza kwenda kuoga kwa miguu yake, alisugua sabuni mkononi, akaona povu, lakini akahisi ameshika jiwe tu. Akaipeleka puani. Hakuna kitu. Akafungua chupa ya mafuta ya nywele, akachungulia pipa la takataka, akanusa shati la mumewe lililotoka kazini. Dunia ilikuwa imefuliwa, ikasuuzwa, ikaanikwa.

Daktari alimmulika puani, akamsikiliza, akasema kwa upole, "Mama, wengine inarudi baada ya mwezi, wengine baada ya mwaka. Wengine..." Akainua mabega.

Mumewe alipomuuliza jioni ile, alijibu, "Kasema nipumzike tu."

Si kwamba alipenda kudanganya. Aliona aibu, ile aibu ya mtu aliyechomolewa kitu mfukoni sokoni, anayejiona kama kosa ni lake. Akajipa mwezi mmoja. Mwezi ukaisha, akajipa mwingine. Chai ilikuwa maji ya moto yenye utamu. Mchuzi ulikuwa chumvi na joto. Alipika kwa kukumbuka, na kwa kuwa alikuwa amepika maisha yake yote, watu walikula bila kusema neno. Kazini aliunguza kola ya shati la mteja, alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi. "Jamani, leo Pua naye kachoma!" wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akaenda msalani, akasimama mbele ya bomba mpaka alipoona anaweza kurudi. Tangu siku hiyo alipunguza moto wa pasi na kukaza macho, na nguo alizomaliza kwa siku zikapungua.

Ikabaki wiki mbili kabla ya sikukuu. Siku yake ya mapumziko, mumewe akiwa kazini, aliteleka sufuria ya majaribio. Alijiambia macho yatatosha. Aliangalia rangi ikitoka nyeupe, ikawa ya mchanga, ikawa ya kahawia, akaona sawa, akamimina, akakata, akafunga kipande kimoja kimoja kwenye karatasi. Alikuwa amebandika sufuria ya pili wifi yake alipobisha hodi na kuingia kabla hajakaribishwa, kama kawaida yake.

"Eh, umeshaanza! Lete nionje."

Akafungua karatasi, akatia tofi mdomoni. Akatafuna mara mbili. Akaacha kutafuna. Macho yake yakaenda dirishani, yakarudi.

"Nzuri, wifi yangu," akasema. "Nzuri sana."

Pua alisubiri. Hapakuwa na ila. Wifi yake aliuliza habari za binti, akasema jua kali, akakumbuka kuna mtu anamsubiri, akatoka akiwa ameshikilia leso mdomoni.

Hapo ndipo Pua alipojua. Angetukanwa angevumilia. Lakini kusifiwa na wifi yake, kavukavu namna ile, kulimkata maini. Alikaa kwenye kigoda, akaligeuzia jiko mgongo, akashika tama.

Mumewe alirudi kutoka zamu ya asubuhi jua likiwa bado juu. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha unga, mtu mrefu wa maneno machache, mwenye unga kwenye nyusi mwaka mzima. Watu wote walimwita Fundi, mkewe naye pia.

"Nini kimeungua?" aliuliza mlangoni.

"Hakuna kilichoungua."

"Mama, harufu nimeanza kuisikia kule kwenye duka la baiskeli."

Fundi akampita taratibu, akazima gesi, akachukua kitambaa na kushusha sufuria ya pili, ambayo ndani yake palikuwa peusi tii. Akafungua dirisha. Kisha akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Sisikii harufu," Pua akasema. "Hata moja."

"Tangu yale mafua?"

"Tangu yale mafua."

Fundi alitikisa kichwa kama anavyofanya akifungua mashine na kukuta ubovu uko palepale alipodhani. "Nilijua kuna kitu. Tangu siku ya maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yaliyochacha. Ulinipa glasi nzima, ukasimama unaniangalia. Nikanywa."

"Ukanywa maziwa yamechacha?"

"Nilidhani umenikasirikia. Nikajaribu kukumbuka nimekosa nini."

"Ukakumbuka?"

"Nikakumbuka makosa matatu. Nikaona bora ninyamaze, ninywe."

Pua alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kile, bila yeye kujua kilivyogeuka, kikaishia kwenye machozi. Fundi alibaki palepale amechuchumaa ingawa magoti yake hayakupenda. Alipotulia, Fundi akasema, "Mimi nitakunusia."

"Wewe? Hujui hata chumvi inakaa kabati gani."

"Chumvi utaishika wewe. Pua ninayo."

Siku ya mapumziko iliyofuata waliingia jikoni wawili. Fundi alikuwa amenawa mikono mpaka viwikoni kama daktari wa upasuaji. Alisimama karibu na jiko, amekunja uso, huku mkewe akikoroga.

"Haya, inanukiaje?"

"Inanukia maziwa."

"Maziwa yakoje?"

"Ya moto."

Pua nusura amtwange mwiko. Huyu ndiye mtu ambaye akiwa getini mwa kinu huweza kusema, kwa harufu tu, kwamba mashine ya tatu inataka grisi! Pua akapumua. "Sikia, Fundi. Usinitafutie maneno ya jikoni, huna. Nipe ya kinuni."

Fundi akafumba macho. Sufuria ikaendelea kuchemka polepole.

"Sasa ni kama unga wa kwanza asubuhi," akasema. "Jiwe bado la baridi."

"Enhe."

"Sasa jiwe limeanza kupata moto. Unga umeamka."

"Inanukia au inanuka?"

"Inanukia. Inanukia... sasa kama mkanda wa mashine unaoteleza."

"Toa!"

Walikuwa wamechelewa. Tofi ile ilikuwa chungu, hata Pua aliusikia uchungu wake kwenye ulimi. Sufuria iliyofuata aliitoa mapema, jiwe lilipopata moto tu, na ile nayo ikakataa kuganda. Ikanata kwenye kisu, ikanata kwenye karatasi, ikanata kwenye masharubu ya Fundi. Waliila kwa vijiko wakiwa wamesimama. Fundi akasema mbona tamu tu. Pua akamwambia hiyo ni gundi, aipeleke kazini wakagandishie mifuko.

Sufuria ya tatu ilikuwa na maziwa ya mwisho yaliyokuwemo nyumbani. Unga wa asubuhi ukapita. Jiwe likapata moto. Kisha Fundi akanyamaza.

"Sema!"

"Subiri. Hii siyo ya kinuni." Aliinama zaidi, mvuke ukimlowesha uso. "Lakini naijua."

"Ni nini?"

"Ni wewe. Ulivyokuwa ukirudi kazini, tulipokuwa na kile chumba kimoja. Ulikuwa ukivuka tu kizingiti, nasikia..."

"Toa! Toa, toa!"

Pua alimwaga karanga, akageuza mara mbili, akamimina kwenye trei iliyopakwa siagi. Pamba safi chini ya pasi ya moto, pumzi moja kabla haijaungua: harufu hiyo aliijua kuliko uso wake kwenye kioo. Ila hakujua hata siku moja kwamba alikuwa akirudi nayo nyumbani.

"Hukuwahi kuniambia," alisema akikwangua sufuria.

"Ningekwambiaje? Mke wangu unanukia pasi?"

"Ungesema tu."

Fundi alijifuta mvuke usoni. "Nilidhani unajua," akasema.

Walipika trei tatu wiki ile, siyo nne, kwa sababu Fundi alichoka haraka na ilibidi kila baada ya sufuria moja atoke nje kupumzisha pua. Sikukuu ilipofika, nyumba ikajaa. Pua aliona asingoje kuulizwa. Wote walipokaa aliwaeleza mwenyewe, kwa sentensi fupi, macho yake yakiwa kwenye kitambaa cha meza.

Wifi yake aliweka sahani chini. "Miezi mitano! Na mimi napita hapa kila wiki, nakaa kwenye kiti hikihiki!"

"Nisamehe, wifi."

"Na ile lami uliyonilisha siku ile?"

"Ulisema nzuri sana."

"Nilidhani umeanza kuzeeka! Nikakuonea huruma, nikaenda nyumbani nikalia." Na kweli machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akajifuta kwa kiganja, akanyoosha mkono kuchukua tofi mpya, akaitafuna mpaka mwisho huku kila mtu akimwangalia. "Hizi nzuri," akasema. "Ila karanga mmezipunja."

Meza nzima ikaangua kicheko.

Binti yao alikuwa amekuja na mtoto wa wiki sita, mjukuu wa kwanza, ambaye bibi yake alikuwa hajamwona. Alipompakata, binti akasema kwa furaha, "Mama, hebu mnuse utosini, watoto wachanga wana ile harufu yao..." Kisha akajiziba mdomo.

"Usijali, mwanangu," Pua akasema. Lakini aliinamisha uso kwenye kile kichwa kidogo, akavuta pumzi ndefu. Akapata joto. Akapata vinywele laini vikimgusa mdomo. Zaidi ya hapo, hakuna. Kati ya yote aliyoyapoteza mwaka ule, hili ndilo lililomuuma zaidi, maana mengine aliweza kuyakumbuka, na hili hakuwa nalo kwenye kumbukumbu.

Fundi alikuwa amemwona. Alisogea, akainama, akanusa utosi wa mjukuu wake kwa makini kama alivyokuwa akinusa sufuria. Akafumba macho. Akanusa tena. Wote wakasubiri.

"Huyu," Fundi akasema hatimaye, "sina neno lake."

"Basi usimtafutie," mkewe akajibu, akaacha shavu lake palepale kichwani mwa mtoto, mpaka mtoto alipolala.

Baada ya sikukuu alikwenda kwa msimamizi wake akamweleza. Akahamishiwa meza ya kukunja mashuka, karibu na dirisha, ambako kinachotakiwa ni macho na mikono. Mwanzoni kila aliposikia mtu akipiga kelele kwamba kuna kitu kinaungua aligeuka kwa kushtuka, akakerwa na nafsi yake. Baadaye akazoea. Kukunja nako kuna ufundi wake, na wenzake wapya walikuwa wacheshi.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya kawaida, alikuwa akikata kitunguu alipohisi kitu puani. Hakikuwa kitunguu alichokikumbuka. Kilikuwa kama chuma kilicholowa, kibaya kidogo, tena cha mbali. Aliweka kisu chini. Akasimama akihofia kwamba akisogea kitakimbia. Kisha akamwita Fundi, naye akaja na nusu ya uso imepakwa sabuni ya kunyolea, wakainamia kile kitunguu wote wawili, wakinusa kwa zamu, kila mmoja akimweleza mwenzake anachokipata.