Sanduku Lililomuuliza Baba Jina

Kuna aina ya mtu ambaye akiona ukuta mweupe mikono inamwasha mpaka auchoree ua. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni wa aina hiyo. Alirudi Uvira kutoka Bujumbura na ndevu zilizochongwa kama kwa rula, kompyuta iliyojaa vibandiko mgongoni, na kazi ambayo ukimuuliza ni kazi gani anajibu kwa Kifaransa, maana kwa Kiswahili ingesikika ndogo. Alikuwa anapamba tovuti za watu. Jumapili moja alikula kwetu, akashiba, akaomba kuona blogu yangu, akaitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi.

"Shemeji," akasema, "hii blogu iko uchi."

Ilikuwa uchi kweli, na ndivyo nilivyoipenda. Maandishi makubwa meusi, ukurasa mweupe, jina juu, makala moja chini ya nyingine. Niliianzisha kwa ajili ya msomaji mmoja tu, baba yangu, anayelima mpunga na mihogo uwandani, karibu na Kiringye. Magoti yake hayataki tena barabara yetu, na mimi kazi yangu ya wakala wa forodha pale mpakani Kavimvira hainipi nafasi ya kwenda kumwona kila nikitaka. Kwa hiyo nilimwandikia. Nilimwandikia habari za wanawake wanaovuka mpaka na vitenge vimepangwa kiunoni kimoja juu ya kingine, wakimwambia ofisa kwamba wanasikia baridi huku jasho linawatiririka. Nilimwandikia jinsi ziwa lilivyopanda likaingia sebuleni mwa watu bila hodi, na jinsi wabadilisha fedha wanavyogombania kivuli cha mwavuli mmoja.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Jumapili baada ya misa alikwenda kando ya barabara, mahali penye mtandao wa kueleweka, akafungua simu ndogo niliyompa, akasoma kwa sauti. Majirani walisimama kumsikiliza. Wazee ambao Kiswahili changu kiliwashinda aliwafasiria kwa Kirundi, na nasikia alikuwa akiongeza chumvi. Jioni alinipigia kunisahihisha. Depo ya pamba ya zamani niliiweka upande usio wake. Samaki fulani sikumwita kwa jina lake. Hakuwahi kuniambia kwamba makala imempendeza, maana kwetu baba hamsifu mtoto mkubwa usoni. Lakini alipiga kila Jumapili, na mimi niliandika ili apige. Sikuwa na sababu nyingine, na sikuhitaji nyingine.

Basi shemeji akaivalisha. Alikaa sebuleni kwangu siku nzima akinywa chai yangu, akipachika plagini moja baada ya nyingine. Plagini, kwa asiyejua, ni kijiprogramu unachokichomeka kwenye blogu ili ifanye jambo ambalo hakuna aliyeiomba ilifanye. Moja iliangusha theluji. Naam, theluji, vipande vyeupe vikishuka taratibu juu ya makala yangu ya joto la Kavimvira, katika mji ambao theluji tunaijua kwa kadi za Krismasi. Nyingine ilileta picha kubwa zinazopokezana juu ya ukurasa: mwanamke mwenye meno meupe anacheka na kompyuta, kikombe cha kahawa kimechorewa moyo kwenye povu, ufuko wa bahari ambao si ziwa letu wala haujawahi kusikia habari za ziwa letu. Nyingine ilipanga vitufe vya rangi pembeni, na ukishuka kusoma navyo vinashuka nawe, kama mlevi aliyekuona unatoka dukani na mfuko. Maandishi yangu meusi aliyafanya membamba ya kijivu. Nilipomwambia hayasomeki, akasema hiyo njo, yaani ndiyo, ya kisasa. Chini aliweka mstari unaomtaka msomaji akubali masharti ambayo hata yeye mwenyewe hakuyasoma. Pembeni akaweka kihesabu wageni.

Halafu akaleta kile alichokiita moyo wa kazi. Ukifungua blogu, kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, sanduku linaruka mbele na kufunika kila kitu. Karibu, jitambulishe ili uendelee. Jina hapa, barua pepe hapo.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

"Shemeji, bila hii bantu banasoma tu, kisha banaenda."

"Si njo kusoma?"

Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto wa mtu mkubwa ambaye hawezi kumfelisha.

Sikatai kwamba kile kihesabu nilikipenda. Kilipanda. Wateja wangu walisimama dirishani na mizigo yao, mimi niko nachungulia namba chini ya meza. Maoni nayo yakaanza kuja kutoka nchi ambazo hakuna mtu anayeweza kutamka Uvira. Mmoja aliandika kwamba makala yangu ya msiba wa jirani ilikuwa nzuri sana na ya kufurahisha, kisha akanialika kwenye duka lake la matairi. Mwingine alinipa dawa ya kukuza nywele. Hao ndio wageni walioletwa na mapambo: wauza matairi na wauza nywele, wasiojua kusoma lugha niliyoiandikia. Shemeji aliniambia kwa mdomo uliojaa sambusa kwamba blogu yangu sasa inaishi.

Baba akanyamaza.

Jumapili ya kwanza nilisingizia mtandao. Iliyofuata nikasingizia mvua. Baadaye nikampigia mimi. Aliniambia habari za mpunga, za mbuzi aliyekula kamba, za paroko mpya. Habari za blogu hakuzigusa. Na mwishoni akasema, "Aksanti sana mama kwa kunipigia," kwa sauti ya heshima anayoitumia kwa masista. Nilikaa na ile simu mkononi na nikaumia. Kumuuliza moja kwa moja sikuweza, maana ningekuwa kama mtoto anayeomba apigiwe makofi. Nikajiambia amechoka na mimi. Wazee huchoka.

Ndipo nikafanya ujanja wa kitoto. Niliandika makala nzima juu ya depo ya pamba, na nikaiweka kwa makusudi upande ambao yeye mwenyewe aliwahi kuniambia haikuwapo. Nilijua hawezi kuivumilia. Nilikaa Jumapili yote na simu karibu na sufuria, nikamkemea mume wangu alipoichukua kutazama saa. Haikulia. Namba kwenye kihesabu ilipanda vizuri sana siku ile.

Alikuja siku ya kazi, asubuhi, ofisini. Nilikuwa nabishana na dereva kuhusu magunia ya saruji, na nilipoinua macho nikamwona baba amekaa kwenye benchi la wateja, katikati ya mama wa vitenge na kijana mwenye majenereta. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, limepigwa pasi, na bahasha mapajani.

"Baba, njoo ndani," nikamwambia.

"Ngoja. Hawa balinitangulia."

Nilitoka nikamshika mkono. Akautoa taratibu, akaniambia nirudi kazini, zamu yake itafika. Nikarudi. Sijui niliwaandikia nini wale wawili waliomtangulia, nashukuru mizigo yao ilivuka. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya dirisha langu, dirisha lile lile la wateja, akatoa kwenye bahasha kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, pamoja na fotokopi yake na kadi ya ubatizo. Akazipanga mbele yangu.

"Minye nimeleta karte," akasema. "Ile sanduku yako ilikataa jina yangu."

"Sanduku gani, Baba?"

"Ile iko mbele ya blogu. Inaniuliza minye ni nani. Nikaandika jina yangu, jina ya baba yangu, kijiji, groupement, shefferi. Ikajibu na rangi nyekundu, haikubali. Jumapili ingine nikaandika tena, pole pole. Ikakataa. Nikasema pengine banataka karte."

"Banataka banani?"

"Bale uliweka pale mulango."

Asiyetoka uwandani anaweza kucheka hapa. Acheke, hasara si yangu. Barabara ya kutoka kwetu hadi mjini ina vizuizi, na kwenye kila kizuizi kuna mtu anayekuuliza wewe ni nani. Wenye majina kama ya baba, wenye Kirundi mdomoni kama yeye, wanaongezewa swali: ni nani hasa, na babu yako alizaliwa wapi. Baba amejibu swali hilo tangu ujana wake, mbele ya watoto waliozaliwa jana na kukabidhiwa kamba ya kufunga njia. Analijibu kwa mpangilio mmoja: jina, jina la baba, kijiji, groupement, yaani kundi la vijiji, na shefferi, eneo la chifu. Ndivyo alivyolijibu sanduku la shemeji, lililotaka barua pepe, kitu ambacho baba hana na hakijui. Nalo likamwambia kwa rangi nyekundu kwamba taarifa zake hazikubaliki.

"Mbona haukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilisema mutoto yangu iko mukubwa sasa. Bantu iko bengi kwake, hawezi kuacha kila muntu aingie. Ni sawa." Akanyoosha ile fotokopi kwa kidole. "Ila bale ba pale barabarani, balikuwa banasimama kunisikiliza. Baliona. Bakaniuliza, hata weye baba yake?"

Nilimwingiza ndani kwa nguvu, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikampigia shemeji. Alikuwa na furaha ya mtu asiyeamka mapema.

"Lakini shemeji, ile si lazima," akasema. "Iko na msalaba kidogo pale juu, anabonyeza, inafunga."

Nilichukua simu ya baba. Sanduku lilikuwa limejaa kioo chote. Nililisukuma juu, chini, pembeni. Msalaba ulikuwa nje ya kioo, mahali ambapo simu ndogo haifiki, na shemeji hakuwahi kujaribu kwenye simu ndogo kwa sababu hamjui mtu mwenye simu ndogo, au anawajua na hawahesabu.

"Basi simu yake njo iko mbaya," akasema. "Anunue ingine. Na shemeji, usiondoe kitu pale, utapoteza bantu bote."

Nilimwambia achukue bantu bake bote, wauza matairi na wauza nywele, aende nao Bujumbura, na theluji yake aibebe. Nikakata. Mume wangu alinilaumu jioni kwamba nimemvunjia mdogo wake heshima. Nilimjibu kwamba nisingeweza, sikumkuta nayo.

Wateja wakangoja. Nilifungua kompyuta ya ofisi nikaanza kung'oa. Kila plagini, kabla ya kuondoka, iliniuliza kama nina hakika. Vitu vilivyoingia bila kuuliza sasa vilitaka nifikirie vizuri. Nilibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sanduku likaenda la kwanza, halafu mwanamke wa meno, vitufe, masharti, theluji. Kihesabu nilikiondoa bila kukitazama. Nikarudisha herufi nyeusi, nikazikuza zaidi ya zilivyokuwa.

"Fungua sasa, Baba."

Alifungua. Alishika simu kwa mikono miwili na kungoja, na ukurasa ulipotokea bado alingoja, akitegemea kuulizwa. Nilimwambia hakuna swali, aendelee. Akaanza kusoma midomo ikitembea bila sauti. Makala ya juu kabisa ilikuwa ile ya depo ya pamba. Niliona macho yake yanafika kwenye mstari wenyewe, yanasimama kidogo, yanaendelea. Aliupita bila kuusahihisha, kama mtu aliye ugenini. Nilitamani anigombeze. Nilitamani apige meza, aniite mjinga mbele ya wateja wote wa Kavimvira.

"Iko muzuri," akasema. Hilo hakuwahi kuniambia.

Nikamweleza tena, polepole, kwamba hakukuwa na mtu yeyote mlangoni, kwamba ni mapambo tu ya kijana mjinga, kwamba hakuna siku ambayo mimi ningeweka mtu wa kumzuia. Akaitikia kwa kichwa kila neno. Ndivyo anavyowaitikia watu wa vizuizi wanapomwambia samahani mzee, pita. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akarudisha kadi ya mpiga kura na ya ubatizo kwenye bahasha. Fotokopi aliiacha mezani, akanisogezea.

"Baba, hii haina kazi tena. Beba."

"Weka," akasema. "Siku bakirudi kuuliza, ubaonyeshe ya kwamba unanijua."