Niliandika Kansa ya Ini, Mke wa Shemeji Akafukuzwa

Admin, ficha jina langu na la hospitali, hayo mengine yaache vile yalivyo. Na nyinyi mnaopenda kutusi watu, ngojeni kwanza nimalize.

Niko na miaka 36, watoto wawili, naishi Kiplombe hapa Eldoret. Kazi yangu ni ya rekodi hospitalini. Nasoma vile daktari ameandika kwa faili, kisha naingiza ugonjwa kwa kompyuta na namba yake.

Mama mkwe wangu alilazwa hospitalini kwetu akiwa amekonda, tumbo limefura. Hakumaliza wiki tatu. Faili yake ilifika kwa meza yangu siku ile tulikuwa tunapanga mazishi. Daktari alikuwa ameandika kansa imesambaa mpaka kwa ini, lakini mahali ilianzia hapajulikani. Mimi niliona ini, nikaweka namba ya kansa iliyoanzia kwa ini. Ni haraka tu, na machozi. Barua ya hospitali ya kueleza kilichomuua ikatoka hivyo.

Baada ya mazishi shemeji yangu aliisoma mbele ya familia yote. Alikuwa amesikia mahindi yenye ukungu huleta kansa ya ini. Akamgeukia mke wake.

"Nani alikuwa analetea Mama unga wa mahindi kutoka kwao kule Soy?"

"Ni mimi, Baba Kevin. Lakini hata sisi tulikula huo unga."

"Umeua mamangu. Toka kwangu."

Huyo mwanamke simpendi, sitawadanganya. Nilipopoteza mimba, aliambia watu ni kwa sababu nashinda na faili za wafu. Kwa hivyo alipokuwa akifunga nguo zake, sikumtetea. Nilifurahi, hata chai nilikunywa vikombe viwili.

Wiki iliyopita faili ilirudi kwangu kukaguliwa. Nikasoma maandishi ya daktari polepole, nikaona hakusema ilianzia kwa ini; hayo niliandika mimi. Nikamwambia mume wangu.

"Sasa unataka upoteze kazi kwa sababu ya yule?" akaniuliza. "Ndugu yangu atasema ulimvunjia nyumba makusudi. Na mimi sitakutetea."

Jana nilimpigia huyo mwanamke nimwambie ukweli. Hakunipa nafasi.

"Umenipigia unicheke? Kevin ameniuliza kama ni kweli niliua nyanya yake. Ako darasa la tatu! Nyinyi watu wa hiyo boma mtalaaniwa." Akakata simu.

Kubadilisha hiyo rekodi, lazima nisimame mbele ya daktari na bosi niseme ni mkono wangu ulikosea. Na bado simpendi. Akirudi atanikanyaga kuliko mwanzo, najua. Lakini mtoto ameambiwa mamake ni muuaji, na aliyeandika ni mimi.

Wenye mmewahi kuokoa mtu mnayemchukia, ongeeni nami. Nianzie kwa daktari, ama kwa yule mtoto? Msiniambie niombe. Nimeshaomba.