Springi ya Pampu ya Oili

Injini ya Chevrolet ya mwaka 1951 ilimfikia Evelio Machín ikiwa ndani ya ndoo, vipande vipande, na nusu ya vipuri vilikuwa vya magari mengine. Pistoni zilitoka kwenye trekta la Kirusi. Hilo halikumsumbua hata chembe. Hapa Cienfuegos, Kuba, fundi anayesubiri kipuri halisi atazeeka na spana mkononi.

Kilichompandisha hasira ni springi ya pampu ya oili. Jana aliiosha kwa petroli, akaianika kwenye dirisha la jikoni. Leo haipo.

"Nereida! Springi yangu iko wapi?"

"Kwani mimi ni mkeo au stoo yako?" mkewe akajibu kutoka jikoni.

Evelio akasonya. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na springi nyingine, akaikata kidogo, akaipachika. Kufika mchana injini ikanguruma bila kukohoa, mpaka majirani wakatoka kushangilia.

"Si niliwaambia!" akatamba, akaingia ndani kula.

Mezani palikuwa na wali na maharage meusi, laini ajabu, ingawa sufuria ya presha ilikuwa mbovu wiki nzima. Evelio akautazama mfuniko wake. Springi aliyoitafuta ilikuwa pale, imeikaza vali kama imezaliwa nayo.

"Nimeitengeneza mwenyewe," Nereida akasema kwa madaha. "Na wewe je, umeweka springi gani?"

Evelio akajaza maharage mdomoni. Jibu Nereida atalipata kesho, atakapowasha mashine yake ya kufulia kule nyuma ya nyumba.