Tusekile, mwalimu aliyeliona jiwe la angani

Asubuhi hii nimepiga namba yake kama kawaida. Amepokea mdogo wake, analia. Jamani, Tusekile ametutoka kweli? Akili yangu inagoma kabisa.

Kwa msiomjua: Mwalimu Tusekile alifundisha fizikia sekondari hapa Tukuyu. Miaka ile kiwanda cha chai kilipata mwekezaji, mimi nikapunguzwa kazi, nikafungua internet kafe karibu na soko. Kompyuta za mtumba, mtandao wa kusuasua.

Yeye alikuwa anakuja akitoka kazini, sweta limelowa mvua, anafungua picha za anga. Kuna darubini kubwa huko ng'ambo ilikuwa inazipiga, na watu wa kujitolea popote duniani wanazikagua, kutafuta mawe yanayopita karibu na dunia yetu.

"Sasa mwalimu, unaangalia nini humo?"

"Mkwaruzo, Ambwene. Nyota zimetulia. Jiwe linalokimbia linaacha mkwaruzo kwenye picha. Tukiliona mapema, kuna la kufanya. Tukichelewa, ndiyo basi."

Picha moja ku-download, anasahihisha madaftari ya darasa zima. Umeme ukikatika anaanza upya. Na alikuwa analalamika huyo! Anaipiga meza yangu makofi mpaka wateja wanageuka.

Siku aliyoupata mkwaruzo wake alinibana mkono mpaka nikapiga kelele. Akatuma taarifa. Wenye darubini wakafuatilia, wakajibu: kweli ni jiwe, halijawahi kuonekana, na litapita mbali. We! Kafe nzima tulikunywa soda.

Furaha ile haikumaliza wiki.

Redio moja ya FM ikatangaza kwamba mwalimu wa Tukuyu ameona jiwe linakuja duniani. Kwamba litapita mbali, hawakusema.

Kijijini kwao Masoko, mhubiri mmoja akasema litaangukia kwenye ziwa la pale. Watu wakachinja ng'ombe, wakavuna ndizi changa, watoto wakaachishwa shule. Halafu likaja neno baya zaidi: jiwe haliji lenyewe, limeitwa. Na mwenye kuliita ni Tusekile, amefundishwa na mama yake.

Mama yake alikuwa mjane, anaishi peke yake kijijini. Tulipopata habari tukaondoka na pikipiki yangu, ukungu na matope njia nzima.

Tulikuta migomba ya mama imefyekwa yote, imelala chini. Mama amekaa mlangoni, khanga kichwani. Waliofyeka walikuwa bado wamesimama pale na mapanga yao. Majirani. Wengine mama aliwahi kuwabeba mgongoni.

Mimi nilitaka tumchukue mama tuondoke. Tusekile akawafuata, akawasalimu kwa Kinyakyusa, kwa heshima, kama amekuja msibani.

"Jiwe nimeliona mimi," akasema. "Sikuliita. Linapita mbali kuliko mwezi, halitamgusa mtu. Mama yangu hana kosa."

Mzee mmoja akauliza, "Na likija lingine?"

Nilimwomba Mungu Tusekile adanganye. Kweli kabisa, nilimwomba adanganye tu, tutoke pale salama.

"Lingine silijui, baba. Ndiyo maana naangalia."

Mtu akatema mate chini. Hakuna aliyetupiga. Hakuna aliyeomba radhi pia. Tukampandisha mama kwenye pikipiki katikati yetu, mwepesi kama mtoto.

Jiwe likapita, hakuna aliyelisikia. Watu wa Masoko wakarudi mashambani. Mama hakurudi. Alikataa hata kwenda kusalimia. Aliishi chumba cha nyuma kwa binti yake Tusekile, hakupanda tena hata mgomba mmoja, na akafia humo. Tukamzika makaburi ya kanisa, hapa mjini.

Baada ya matanga nilimwambia Tusekile aache. Nilikuwa na hasira. "Dada, unawalinda watu hawa? Hawa?"

Akaniangalia sana. "Kuna watoto Masoko, Ambwene."

Wiki hiyohiyo akarudi kafe, akakaa kwenye kompyuta yake ya kona. Hatukuongea tena habari hiyo.

Aliendelea hata simu zilipoua biashara yangu. Alistaafu, akaendelea kwa laptop yake. Figo zikaanza kumsumbua, akaendelea.

Jumapili nilimkuta wodini, miguu imevimba, laptop iko juu ya shuka. Akaisukuma kwangu. "Macho yamechoka. Niangalizie wewe."

Nikaangalia. Nikaangalia tena, kwa sababu yeye alikuwa ananitazama mimi.

"Hakuna kitu, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya," akasema, akageukia ukutani. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kwake. Nami nikaaga kijinga, eti tutaonana Jumatano.

Dada yangu, kesho tunakuzika mjini kando ya mama, kama ulivyotaka. Tangu mchana simu zinaingia kutoka Masoko. Wengine sauti zao nazikumbuka. Wanauliza kama wanaruhusiwa kuja.

Kusema kweli, moyo wangu ulitaka kusema hapana.

Nimewaambia waje. Waje na watoto wao.

Nenda kalale, Tusekile. Hakuna wa kukuamsha tena.