Tabaka la Mwisho

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Ushahidi, naye hakuwalaumu. Miaka ishirini na mbili alifundisha historia ya majengo na namna ya kuyahifadhi, na swali lake halikubadilika: "Ushahidi uko wapi?" Ukimwambia mlango ni wa kale, anakupa kisu ukwangue rangi. Rangi ya chini ndiyo ya zamani, na somo limekwisha.

Asubuhi ile aliwaleta kwenye nyumba aliyozaliwa. Ilikuwa imefungwa tangu amzike mama yake, miaka minne sasa, na ingebomolewa Jumatatu asipojaza fomu ya kueleza kwa nini ibaki. Roho ilimuuma, ila fomu haina nafasi ya roho. Penye "Wakazi" alishaandika: hakuna.

"Mwalimu, hebu njoo." Aliyeita ni yule msichana mcheshi wa darasa, na safari hii hakuwa na utani. Alikuwa amekwangua mwimo wa mlango wa chumba cha watoto tabaka baada ya tabaka, kwa chini hadi kwenye mbao. Pale chini palikuwa na mistari miwili ya penseli, ya kimo kimoja.

"Mimi na pacha wangu," alisema Bi Ushahidi. "Alifariki tukiwa na miaka sita."

"Sasa mbona kuna mtu aliendelea kurefuka?"

Kila tabaka la rangi lilikuwa na mstari mmoja, juu zaidi ya uliotangulia. Yeye hakupimwa tena baada ya msiba, anakumbuka vizuri. Mama alikuwa akiupaka rangi mwimo huo kila mara, na watu wa nyumbani wakimcheka kwamba ana wazimu wa usafi. Kumbe alikuwa akimpima marehemu! Bi Ushahidi alilia mbele ya wanafunzi wake bila haya.

"Na huu?" msichana aliuliza kwa sauti ya chini.

Tabaka la mwisho Bi Ushahidi alilipaka mwenyewe baada ya mazishi, akafunga nyumba, akaondoka na ufunguo pekee. Juu ya rangi hiyo palikuwa na mstari mpya wa penseli. Aliugusa, ukamchafua kidole.

"Simama hapo, Mwalimu."

Alisimama. Mstari ulikuwa sawasawa na utosi wake. Hakuna aliyecheka, na wawili walishatoka nje.

Bi Ushahidi aliomba fomu. Hakuwahi kuandika asichokiona, wala kuacha kuandika alichokiona. Alikata "hakuna", akaandika: mmoja.