Siku Tulipomshusha Mume Wangu Chini ya Blanketi

Mume wangu ni mchimbaji. Anashuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akiwa ameshikilia kamba moja na taa kichwani. Niliwahi kwenda kuchungulia mdomo wa duara lao mara moja tu. Nilirudi nyuma nikitambaa kwa magoti. Yeye hushuka humo huku anapiga mluzi. Kwa hiyo mwezi wa saba ule aliporudi nyumbani na mafua, sikuwaza hata kidogo kwamba kuna kitu cha dukani, cha maua mekundu, kinachoweza kumtoa mbio.

Julai ya Geita ni ya udanganyifu. Mchana unatafuta kivuli, alfajiri unatafuta sweta. Chini ya duara kuna joto, mtu anatoka jasho linamtiririka, juu anapokelewa na upepo wa baridi na vumbi. Mume wangu alifika nyumbani pua zimeziba zote mbili na sauti imebaki nusu. Akisema "mama" inatoka "baba".

Mimi nimekulia Kambarage, Shinyanga, na kwetu mafua yalikuwa sikukuu. Mama yangu alikuwa akichemsha sufuria ya majani ya mkaratusi, mchaichai, kivumbasi na maganda ya limao, anatufunika blanketi, nasi tunavuta ule mvuke mpaka macho yanalia na pua zinafunguka kama milango. Ukitoka unapewa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, na shule huendi. Mimi na dada yangu tulikuwa tunabandika kikombe cha moto kwenye paji la uso kabla mama hajaja kutupima homa. Sijawahi kutubu kwa hilo.

Basi nikamwambia mume wangu, "Leo nakupigia nyungu. Majani yapo, jirani ana mkaratusi."

"Mimi siumwi," akasema, kisha akapiga chafya mara nne.

Kesho yake nikarudia. Akasema hayo ni mambo ya wanawake. Nikamwonyesha kupitia dirishani mpangaji mwenzetu, dereva wa lori, aliyekuwa uani amekaa chini ya shuka lake anafuka moshi kama jiko. Akasema dereva naye ana tabia za kike. Siku ya tatu akasema blanketi letu ni jipya, litaharibika. Hapo nikajua kuna jambo. Mwanaume huyu hajawahi kuhurumia blanketi tangu nimjue.

Nilifanya kitu ambacho mke mwema hafanyi. Nilitoka nje na simu, nikampigia mama yake huko Kolandoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, ila mwanao ana mafua ya siku tatu na amekataa nyungu."

 Nikasikia mama mkwe anacheka, kicheko cha chini chini, cha mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analo miaka mingi.

"Bado tu?" akasema. "Nakuja."

Alifika kesho yake mchana, kiroba cha majani kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupalilia. Sikuwa nimemwambia mume wangu chochote. Alikuwa amekaa kibarazani anakunywa uji. Alipomwona mama yake anaingia getini na kile kiroba, alitua kikombe, akainuka taratibu, akasema anakwenda msalani. Tukasikia komeo.

Mama mkwe hakumfuata mbio. Alinisalimu, akanywa maji, akaulizia cherehani yangu kama bado inakata uzi. Kisha akachukua kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa choo, akakaa. Wapangaji wenzetu wawili, wanawake, walikuwa wanafua pale karibu na bomba. Mama mkwe akawageukia.

"Wanangu, niwasimulie huyu mtu alivyokuwa mdogo?"

"Tusimulie mama," wakajibu kwa pamoja. Ndoo zikaachwa.

"Mayu!" sauti ikatoka chooni. Kisukuma hicho, maana yake mama. "Mayu, acha!"

Hakuacha. Akasimulia kwamba mume wangu akiwa na umri wa miaka minane alishikwa na mafua kama haya. Akampikia majani, akamfunika blanketi la kijivu, akageuka kidogo tu kuchukua kanga. Mtoto akatoka mbio na blanketi lake kichwani, haoni mbele wala nyuma, akakatiza uwanja, akaingia moja kwa moja kwenye zizi la ng'ombe. Ng'ombe walipoona blanketi linakimbia lenyewe, wakavunja zizi. Wote. Wakaingia kwenye mtama wa jirani. Bibi yake, aliyekuwa anapepeta karanga, aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba aliona blanketi lenye miguu.

"Na alipotolewa humo ndani," mama mkwe akaendelea, "mwajua alikuwa amefanya nini?"

Komeo likafunguka kwa kishindo.

"Yaishe," mume wangu akasema, amesimama mlangoni. "Nimekubali. Yaishe."

Wale wanawake wawili walirudi kwenye ndoo kwa huzuni kubwa. Mpaka leo sijaambiwa alikuwa amefanya nini.

Nikachemsha majani uani kwenye jiko la mkaa. Harufu ilipoanza kupanda, ule mkaratusi unaokata mpaka kwenye ubongo, na kivumbasi nyuma yake, na limao, mimi mwenyewe nilitamani kuumwa. Mume wangu alikaa kwenye kigoda anaitazama sufuria kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Nilipolikunjua blanketi, niliona anarudisha kigoda nyuma mpaka ukutani, na utani wote ukaniisha.

Nikachuchumaa karibu yake. "Hebu niambie. Kule chini huogopi. Hapa kuna nini?"

Alijibu polepole, bila kunitazama.

"Kule chini nina taa. Nina kamba. Na juu kuna mtu, kila mara ananiita, anauliza niko wapi. Humu ndani kuna nini? Giza na moto. Na mtu aliyenifunika kaenda kuchukua kanga."

Mama mkwe alisikia. Aliinamisha uso, akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye kitenge chake. Kisha akasema, "Kanga ilikuwa mbali. Nilichelewa, baba."

 Nikaingia ndani nikatoka na taa yake ya kichwani na ile kamba nyembamba ninayoanikia nguo.

"Taa hii hapa," nikamwambia. "Kamba hii hapa. Mtu wa juu yupo."

Alinitazama kuona kama namcheka. Nilikuwa namcheka, ila si kwa ubaya. Akaivaa taa. Tukamfunga kamba mkononi, tukapatana ishara zao za kazini: akivuta mara moja yuko salama, akivuta mara mbili atolewe. Mama mkwe akaushika ule mwisho wa kamba kwa mikono miwili, akakita miguu chini kana kwamba mwanawe anashushwa mita mia. Nikamfunika.

"Uko wapi?" mama mkwe akaita.

Kamba ikavutwa mara moja.

"Uko wapi?"

Mara moja.

Mwanga wa taa ulionekana unazungukazunguka ndani ya yale maua mekundu. Kisha tukasikia anavuta pumzi ndefu ya kwanza, halafu kikohozi, halafu pua moja ikazibuka kwa sauti ambayo jirani wa tatu aliisikia.

Dakika chache baadaye kamba ikavutwa mara mbili. Mama mkwe akanitazama. Mimi nikamtazama. Majani yalikuwa bado yana nguvu.

"Kamba imekwama!" nikapaza sauti. "Subiri kidogo, tunaikwamua!"

Blanketi likatukana. Lakini halikutoka mbio, na mama mkwe aliendelea kumwita, "Uko wapi? Nipo. Uko wapi? Nipo," mpaka kamba ikarudi kuvutwa mara moja.

Hapo ndipo wachimbaji wenzake watatu walipoingia getini, wamekuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. Walikuta bibi kizee ameshika kamba, na mwisho wa kamba hiyo kuna blanketi linalofuka mvuke na kuwaka taa. Nilidhani wataanguka kwa kicheko. Hawakucheka. Mkubwa wao alimwamkia mama mkwe, akavua kofia, akalisogelea blanketi.

"Umefika wapi?" akauliza, kama wanavyoulizana duarani.

"Bado udongo," ikajibu sauti ya ndani.

"Hewa?"

"Ipo. Inapiga mpaka kisogoni."

"Dalili za dhahabu?"

Blanketi likapiga kamasi. "Zimeanza kuonekana."

Sasa ndipo walipocheka, na yeye humo ndani akacheka, na kicheko chake kilikuwa na sauti yake kamili, siyo ile nusu aliyorudi nayo. Tulipomfunua alikuwa na macho mekundu, amelowa, na "mama" ikatoka "mama". Kabla sufuria haijapoa, mmoja wa wale watatu alisema hata yeye kifua kinambana kidogo. Taa ikavuliwa ikavalishwa mwingine. Mama mkwe alishika kamba mpaka majani yakaisha nguvu, wala hakukubali kupokewa.

Aliondoka baada ya siku mbili, na wiki hiyo hiyo mafua yakanihamia mimi. Mume wangu akasema nisiinuke kitandani, nyungu ataipika yeye. Nilimsikia anafungua mifuko jikoni, anapuliza moto, anaimba. Akaniita uani, akanifunika vizuri, akanishika bega.

"Uko wapi?"

"Nipo," nikajibu, nikavuta pumzi.

Sikusikia harufu ya mkaratusi. Pamoja na ile dawa, mama mkwe alikuwa ametuachia mfuko wa nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, kwa ajili ya mboga. Mume wangu alikuwa amenichemshia mboga. Nilikaa gizani natokwa jasho, naoga mvuke wa chakula cha mchana, naye nje ananiuliza kwa fahari kama pua zinafunguka.

"Zinafunguka," nikasema. "Ila ongeza chumvi na karanga kidogo."